Mgebuka na Kahawa

Bwenini, Mwandiga
14 Julai 2024

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, wewe, Mama na Dada Veneranda, na kwamba goti lako halikusumbui sana asubuhi. Kile kikohozi nilichoondoka nacho nyumbani kimeisha. Matroni alinipa dawa chungu nikanywa yote.

Nimeona nikuandikie mapema, kwa kuwa simu haziruhusiwi hapa na nina wasiwasi umeshasahau nilivyokuonesha likizoni. Siku ya darasa la mtandaoni la chuo chenu cha ualimu, Mkufunzi Wilfred atatuma kiungo cha mchezo wa maswali. Ukibonyeza, utaulizwa jina. Usiandike Selestini, na usiandike Mwalimu. Andika jina la utani tulilochagua, Mgebuka, kama yule samaki wa ziwa letu. Mkufunzi aliweka utaratibu huo kwa ajili yenu walimu wa siku nyingi, msione aibu kushindwa mbele ya vijana. Hakuna atakayejua Mgebuka ni nani.

Swali likitokea utaona majibu manne yenye rangi. Gusa moja. Usivue miwani kuifuta katikati ya swali, kwa sababu anayewahi ndiye anayepata alama nyingi. Mnaweza pia kuandikiana chini ya mchezo, kwenye ule ukurasa wa mazungumzo, kwa majina yaleyale ya utani.

Nakumbuka ulivyosema, "Nimeshika chaki miaka yote hii, leo nikimbizwe na simu kama kuku?" Mama akakujibu kwamba hata kuku huwa anafika anakokwenda. Baba, tafadhali usiache. Ulisema mwenyewe kwamba ukiikatiza stashahada mwaka huu, chuo hakitakupokea tena kwa umri wako. Mimi nasoma huku nikijua na wewe unasoma, na inanisaidia.

Mwanao akupendaye,
Marsiana

*

Ujiji
4 Agosti 2024

Mwanangu Marsiana,

Marahaba. Goti linalalamika kukipambazuka, likishapata moto linanyamaza. Mama yako anasema ule vizuri, usishike daftari na tumbo tupu.

Dada yako siku hizi anaimba hata akichota maji. Jamaa zake Bariki walikuja pamoja na mshenga wao, Mzee Feliksi, tukazungumza vizuri na tukaelewana. Ndoa itakuwa Desemba. Jambo moja tu linanibana. Mama yake Bariki, Mwalimu Rozalia wa Kalinzi, naye yumo kwenye kozi yetu. Siku za kukutana chuoni mimi hukaa mbele, yeye hukaa nyuma kabisa. Tukikutana mlangoni tunasalimiana tukitazama chini, na kila mtu anashika njia yake. Unajua kwetu wakwe hawazoeani. Hawali pamoja, hawataniani, na hata jina lake nimeliandika hapa kwa taabu, ili tu ujue namsema nani.

Sasa mchezo. Mara ya kwanza nilikuwa wa mwisho. Nilikuwa nasoma swali hadi nukta, kama ninavyowafundisha watoto, na nikimaliza kusoma muda umekwisha. Mara ya pili nikawa wa kumi na moja. Wiki iliyopita, mwanangu, Mgebuka alikuwa wa pili.

Wa kwanza ni mtu anayejiita Kahawa. Ni kijana wa huko milimani bila shaka, maana ana mdomo. Aliponishinda aliandika, "Mgebuka, umeanikwa juani mpaka ubongo umekauka. Rudi ziwani ulowekwe." Nikamjibu, "Wewe Kahawa, safari ijayo nitakukaanga mpaka majirani wasikie harufu." Akasema, "Moto wenyewe utawasha saa ngapi, na wewe swali moja unalisoma kutwa?" Nilicheka peke yangu hadi mama yako akatoka jikoni kuangalia kama nina homa.

Nimegundua jambo. Nikiwa Mgebuka siogopi kukosea. Kwa hiyo nimelipeleka darasani kwangu. Hatuna simu, basi nimekata maboksi vipande nikaandika A, B, C na D, kila mtoto na vyake. Nauliza swali, wanafumba macho, wanainua jibu. Hakuna anayemuona mwenzake. Watoto ambao hawajawahi kunyoosha mkono mbele yangu sasa wanainua kipande cha boksi juu kabisa. Mkufunzi aliniomba niwaeleze wenzangu jambo hili.

Soma kwa bidii.

Baba yako

*

Bwenini, Mwandiga
18 Agosti 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimeipokea barua yako nikiwa salama, ila macho yamechoka kidogo kwa kusoma. Nimefurahi kwa ajili ya Dada Vene. Mwambie asishone gauni lake kabla sijamaliza mtihani, nataka kuwepo.

Baba, usinikasirikie. Niliwasomea wenzangu bwenini yale maneno ya Mgebuka na Kahawa. Tulicheka mpaka matroni akagonga ukuta. Rafiki yangu Anifa sasa kila Jumapili ananiuliza, "Barua ya Mgebuka imefika?" Wote tupo upande wako, isipokuwa mmoja kutoka Kalinzi ambaye anasema kahawa ya kwao haishindwi na samaki.

Anifa anasema unamjibu Kahawa kwa upole mno. Tulikaa tukakutungia jibu, mimi ndiye niliyelimalizia. Mwandikie hivi kabla ya mchezo: "Kahawa, nikikushinda leo utakuja Ujiji kuniosha miguu. Maji yawe ya moto, na taulo uje nalo." Hapo lazima anyamaze.

Hatutakuja nyumbani likizo ya Septemba. Kidato cha Nne tunabaki kambini kujiandaa na mtihani. Niandikie matokeo.

Mwanao,
Marsiana

*

Bwenini, Mwandiga
22 Septemba 2024

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini mko wazima. Nimesubiri barua yako kila Jumapili. Mwanzoni nilidhani ni kazi nyingi. Sasa najua sababu, na afadhali nisingejua.

Kuna msichana wa kutwa ambaye mama yake ni mwalimu katika kozi yenu. Alikuja na habari nzima. Alisema siku mlipokutana chuoni, Mkufunzi Wilfred alitaka kuwazawadia washindi wawili wa mchezo, akasema kwenye kipaza sauti, "Mgebuka na Kahawa, tokeni mafichoni, njooni mbele." Ukainuka ukicheka. Na kule nyuma akainuka Mama Bariki.

Alisema watu walipiga makofi wakidhani ni shangwe, mpaka walipoona Mama Bariki amejifunika uso kwa kanga anatoka, na wewe umepitia mlango wa pili. Mkufunzi akabaki na vikombe viwili mkononi akiuliza, "Jamani, mbona mnakimbiana?"

Nilitumaini ni uongo. Lakini mtu alishapiga picha ya kioo cha simu, yale maneno ya miguu yote yanaonekana, na huyo msichana ameyakariri. Sasa nikipita bwaloni wananiita mtoto wa Mgebuka. Jana mmoja aliniuliza kwenye foleni ya chakula, "Mkwe wenu keshafika na taulo?" Foleni nzima ikacheka. Anifa akamwambia, "Wewe cheka, kwenu nani amewahi kuwa wa pili?" Lakini na Anifa mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa.

Baba, mahafali yetu ni tarehe 12 Oktoba. Mama yake yule msichana atakuja, na wazazi wengine walimu. Naomba usije. Naomba aje Mama peke yake na Dada. Sijui niandike nini zaidi.

Marsiana

*

Ujiji
29 Septemba 2024

Mwanangu,

Barua yako imefika, tumeisoma, sisi ni wazima. Sitakuja mahafali. Mama yako na dada yako watakuja, na nimewaomba wakupigie picha.

Sikukuandikia kwa sababu kila nilipoanza nilifika kwenye neno mkwe nikashindwa kuendelea. Ni kweli yote uliyosikia. Nilijua yupo kozini. Sikuwahi hata kufikiri kwamba Kahawa anaweza kuwa yeye, kwa kuwa tangu tujuane sijamsikia akitamka zaidi ya salamu. Niliyaandika yale maneno ya miguu, na yeye akanijibu, "Mgebuka, samaki ana miguu tangu lini?" Nikamsomea mama yako jibu hilo mezani. Nikasema, kijana huyu ana akili, ningependa kumfahamu.

Sijamwambia mtu yeyote jibu lile lilitoka wapi, na wewe usiseme. Mkono ulioandika ni wangu.

Siku ya pili nilimwita Mzee Feliksi nikamtuma Kalinzi kuomba radhi. Alirudi akasema hakuna aliyekasirika na ndoa ipo palepale. Mama Bariki hakutoka kuonana naye. Alizungumza akiwa ndani, nyuma ya pazia, akasema hana ubaya wowote, ila hajui atatazama wapi. Na mimi ni vivyo hivyo. Mtu ambaye nikimuona napaswa kuinamisha macho, nimemwambia alete maji ya moto.

Kwa hiyo nimeacha chuo. Siwezi kuingia kwenye mchezo ule akaliona jina langu, hata likiwa jingine, na siwezi kukaa naye ukumbi mmoja. Yeye bado ni mtu mzima mwenye nguvu, ana miaka mingi ya kufundisha mbele yake. Nimeona nimwachie nafasi asome kwa amani. Mkufunzi Wilfred amepiga simu, sijapokea. Ni kijana mwema. Alitaka kutuondolea aibu ndogo.

Jambo la ajabu ni kwamba namkosa Kahawa. Siku za mchezo zikifika naishika simu halafu naiweka. Hilo usimwambie mtu.

Usiumie kwa ajili yangu. Soma.

Baba yako

*

Bwenini, Mwandiga
20 Oktoba 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba, shikamoo tena. Najua una afya kwa sababu Mama ameniambia, lakini alisema pia kwamba unakula kidogo na unakwenda kazini kwa njia ya nyuma ili usipite sokoni.

Mahafali yalikwenda vizuri. Nilipewa cheti cha Kiswahili na cha usafi. Mwalimu Mkuu alisema wazazi wasimame washikane mikono na watoto wao. Mama alinishika mkono wa kulia. Wa kushoto niliuficha kwenye sketi, maana ungekuwa wako. Mama yake yule msichana wa kutwa alikuja kunipongeza akaniuliza, "Baba yuko wapi? Yule mwalimu wa vipande vya maboksi? Na mimi navitumia sasa." Hakusema neno jingine lolote juu yako. Niliona aibu Baba, kubwa kuliko ile ya bwaloni. Ile ya bwaloni nilifanyiwa, hii niliifanya mwenyewe. Naomba unisamehe kwa barua yangu ya mwezi wa tisa. Hata salamu ya mwisho sikuandika.

Bwenini nimewaambia wote kwamba maneno ya miguu niliyatunga mimi. Najua ulinikataza. Anifa akasema, "Tuliyatunga sote," na wale waliocheka siku ile wakakumbuka kwamba nao walikuwepo.

Sasa nina swali, na nimelifikiria sana kabla ya kuliandika. Ulisema umeacha chuo ili Mama Bariki asome kwa amani. Dada Vene aliniambia, bila kujua uzito wake, kwamba Bariki anamsifu sana mama yake siku hizi. Anasema kila Jumamosi mchana yupo shambani anapalilia kahawa, shamba halijawahi kupendeza hivyo. Lakini Jumamosi mchana si ndiyo saa ya darasa lenu la mtandaoni?

Baba, nani amekuambia kwamba anasoma? Je, kama na yeye ameacha ili wewe usome kwa amani?

Kama ni hivyo, basi nafasi mlizoachiana hakuna aliyezikalia. Mimi ni mtoto, sijui wakwe wanazungumzaje jambo kama hili. Lakini Mzee Feliksi anajua.

Mtihani unaanza tarehe 11. Niombee. Na mimi nakuombea.

Mwanao akupendaye, anayeomba radhi,
Marsiana

*

Ujiji
3 Novemba 2024

Mwanangu Marsiana,

Marahaba, na marahaba ya pili kwa ile uliyoongeza. Nilikusamehe siku uliyoandika, kabla hata barua haijafika. Leo nimekula vizuri na nimepita sokoni.

Nilimpa Mzee Feliksi swali lako kama lilivyo. Alipanda pikipiki hadi Kalinzi. Safari hii Mama Bariki alitoka, akakaa kibarazani akiwa amempa mgongo kidogo, akasema, "Mwambie mkwe wangu nimeacha ili yeye amalize. Yeye amebakiza miaka michache, mimi nitasoma hata baadaye." Mzee Feliksi akamwambia, "Mama, na yeye ameacha kwa ajili yako." Anasema mama yule akauliza, "Sasa mkufunzi anamfundisha nani?"

Mzee Feliksi alikwenda na kurudi tena kabla hatujaelewana. Mama Bariki alitoa sharti moja, nami nikalipokea kwa mikono miwili. Turudi, lakini kwa majina yetu. Asiwepo mtu nyuma ya samaki wala nyuma ya kahawa. Nikampigia Mkufunzi Wilfred. Akasema, "Mzee, mimi kwetu ni mbali, sikulijua hilo. Nisamehe." Nikamwambia arudishe majina yetu darasani, mengine tutayabeba wenyewe.

Jana ilikuwa Jumamosi. Nilikaa uani, mama yako akavuta kigoda akakaa nyuma yangu, anasema haniamini. Nikabonyeza kiungo. Nikaulizwa jina, nikaandika Mwalimu Selestini. Nikaikagua herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Majina yakaanza kupanda, Simba wa Yuda, Mrembo, Dagaa, kisha chini yao likatokea jina moja, Mama Bariki.

Swali la kwanza likaja. Nililijua. Nililijua kabla sijafika nukta. Lakini nikafikiri, nitamtangulia vipi mkwe? Nikangoja aguse yeye kwanza. Kwenye kioo panaonekana ni wangapi hawajajibu. Wenzetu wote wakajibu, wakabaki wawili. Mama yako akanisukuma bega, "Jibu basi, unangoja nini?" Nikamwambia, "Namngoja yeye." Muda ukaisha. Tukapata sifuri wote wawili.

Swali la pili likawa vilevile. Wawili bado, wawili bado, sifuri. Mkufunzi akaandika, "Walimu wangu wawili wa chini, mtandao unasumbua?" Ndipo likatokea andiko la Mama Bariki, "Mkwe, tangulia." Nikaandika, "Hapana mkwe, tangulia wewe." Akaandika, "Wewe ndiye mkubwa." Nikaandika, "Wewe ndiye mgeni wetu wa Desemba." Swali la tatu nalo likatupita tukiwa tunakaribishana. Darasa zima likawa linasoma. Mama yako akasema, "Mtakufa na heshima yenu."

Swali la nne akatangulia. Nami nikafuata nyuma yake. Tukaenda hivyo hadi mwisho, yeye anagusa, mimi nasubiri kidogo, nagusa. Kwa kusubiri huko nilikuwa nakosa alama zote za kuwahi, na swali la saba nikalikosa kabisa. Walipopanga majina nilikuwa wa mwisho. Mwalimu Selestini, chini kabisa, herufi kubwa, kila mtu anaona. Nililitazama hilo jina nikangoja moyo uniume. Haukuuma sana.

Nilikuwa nataka kuizima simu, ndipo akaandika mara moja ya mwisho. Aliandika, "Mkwe, lile swali la saba umelikosa kwa kutojua au kwa heshima?"

Nililisoma hadi nukta. Nikalisoma tena. Sikujua kama naruhusiwa kucheka. Nikageuka nimuulize mama yako, nikakuta tayari ameficha uso kwenye kanga, mabega yanacheza.

Fanya mtihani wako vizuri, mwanangu.

Baba yako,
Mwalimu Selestini